Kibarua wa Juu ya Dungu

Jumamosi, 5 Aprili

Mimi Mtoro bin Kondo naandika mwenyewe kwa mkono wangu. Nilisoma kisomo cha watu wazima miezi minane, na katika darasa letu mie ndiye niliyemsahihisha mwalimu mara mbili. Herufi zangu ni kubwa kwa sababu mkono wangu ni mkubwa.

Daftari hili sikuliomba. Ni la dakta Yasmin wa zahanati, binti mdogo tu. Alinifunga ule mpira mkononi, akatazama mashine yake, akasema, "Babu, hii presha ya mtu aliyekwisha kuzikwa." Nikamwambia mie nikizikwa kaburi litapasuka. Hakucheka. Kanipa vidonge, kanipa na daftari. Kila siku niandike nimemeza au sikumeza, nimekasirika au sikukasirika, na nikikasirika nimejiambia nini.

Nimemeza. Sikukasirika. Sijiambii kitu, mie si mwendawazimu.

Jumapili, 6 Aprili

Nimemeza. Mvua.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimemeza. Leo nimehamia dungu. Dakta, wewe si wa huku, kwa hiyo nakueleza. Dungu ni kibanda cha juu chenye miguu na ngazi. Tunakaa humo bondeni msimu mzima tukiamia ndege wasile mpunga. Chini maji, nyoka na kiboko, juu sisi. La kwangu lina miguu sita ya mikoko, niliikata mwenyewe kule delta nikaileta kwa mtumbwi. Bonde zima hakuna dungu lililosimama kama hili. Maji yamelipiga miaka sita, na yaliyoondoka ni maji.

Mwaka jana tulikuwa watatu humu. Mie, mke wangu Mwanahalima, na mwanangu Hemedy. Mwaka huu niko peke yangu. Sababu wanaijua Mahege nzima, kijiji chetu, kwa hiyo na wewe ujue. Ijumaa moja ya mwezi wa tano nilikwenda msikitini, nikamwachia Hemedy zamu, mama yake yuko kijijini. Nikarudi nikamkuta amelala mchana kweupe, na kweleakwelea wamefunika shamba. Ni vindege vidogo lakini huja elfu kwa elfu, ukipepesa macho mashuke yamebaki makapi. Nilimpiga kwa mpini wa jembe. Pigo la kwanza alikinga kwa mkono wa kushoto, nikasikia mfupa unavunjika kama muwa. Nikapiga la pili. Hilo la pili ndilo watu wanalolisema sana.

Ana miaka ishirini na saba. Alikwenda Ikwiriri, anatengeneza pikipiki. Mkono uliunga vibaya. Mie baba yangu alinipiga kuliko vile, katika bonde hili hili, na nikatoka chuma.

Jumatano, 9 Aprili

Nimemeza. Nimemuua ngedere kwa jiwe moja, hatua arobaini. Nimemtundika kwenye mti wenzake wamwone.

Ijumaa, 11 Aprili

Mwanahalima kaja na unga na chumvi. Tangu mwaka jana hapandi dungu. Anasimama chini kwenye mtumbwi, ananipandishia vitu kwa kamba kama mtu anayelisha mfungwa.

Nikamwambia, "Panda basi unywe maji."

"Maji nimekunywa nyumbani."

"Ngazi haina nyoka."

"Najua kilichoko juu ya ngazi, Baba Hemedy."

Mie mwanamke simjibu ovyo. Akasema, "Hemedy kapiga simu. Mpunga ukianza kutia maziwa atakuja akusaidie kuamia na kuvuna."

"Kaitwa na nani?"

"Na mimi. Eka tatu huziwezi peke yako."

"Naziweza sita."

"Ana sharti. Akishakuwa juu ya dungu hili, siku utakayoinua mkono umpige mtu, mtu yeyote, atashuka ngazi na hutamwona tena. Hata maiti yako hataiosha. Kasema hivyo hivyo, sikutia chumvi."

Nikacheka mpaka ndege wakaruka. Mwanahalima hakungoja nimalize, akachukua pondo akasukuma mtumbwi akaondoka.

Nimekaa mlangoni mpaka magharibi. Nina mtoto wa kiume mmoja tu. Sikumeza, nilisahau.

Jumatano, 16 Aprili

Nimemeza. Mpunga una mimba, unapendeza kuliko wa wote.

Dungu linalofuata upande wa mtoni ni la Bushiri. Bushiri ni mtani wangu. Babu zake walishuka kutoka milima ya Umatumbi, na tangu babu zetu sisi na wao tunataniana. Mtani, dakta, anaweza kukutukana msibani kwako ukacheka. Anaweza kumchukua kuku wako akala. Huruhusiwi kukasirika, na ukikasirika aibu ni yako, si yake.

Leo kanipigia kelele kutoka kwake, "Mtoro! Kumbe ungali hai? Nimekwisha kununua sanda!"

"Jivike mwenyewe! Nyie watu wa milimani mlishuka kufuata chumvi mkasahau njia ya kurudi!"

"Na nyie mlizaliwa matopeni, mpaka leo mnapenga tope!"

Hapa ndege hawafukuzwi ovyo. Anaanza mwenye dungu la juu kabisa, anapiga debe na ukelele, ndege wananyanyuka, anapokea anayefuata, hivyo hivyo mpaka wanavuka mto. Ukiwahi au ukichelewa wanamtulia jirani. Sauti yangu inafika ng'ambo. Bushiri anasema ndege wakiisikia wanadhani ni punda anazaa, wanashuka kutazama.

Jumatano, 23 Aprili

Ndege wameanza. Nimetupa teo tangu alfajiri. Ni kamba tu, unatia donge la udongo mkavu, unazungusha juu ya kichwa, unaachia ncha moja. Ujanani nilimwangusha mwewe. Leo bega limekataa. Nimekosa, nimekosa, nimekosa. Nimeupiga mkono wangu kwenye nguzo mpaka ngozi imetoka.

Nimemeza. Nimekasirika. Sijajiambia kitu.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimewahi kupiga debe, ndege wote wamemshukia Bushiri. Kaita, "Mtoro! Zamu! Zamu!" Sikuitika. Mpunga wake si wangu.

Jumapili, 27 Aprili

Leo naandika mengi. Sikumeza.

Alasiri Bushiri alikuja na mtumbwi wake akaufunga kwenye ngazi yangu. Nikadhani kaja kulalamikia ndege. Akapiga hodi kwa adabu zote. Akasema, "Mtani, nimekuja kumwombea kibarua wako."

"Kibarua gani?"

"Huyo uliye naye huko juu. Wiki nzima tunasikia anavyotukanwa. 'Mzembe wewe! Gogo lililooza! Hata mamba akikushika atakutema!' Alfajiri mpaka jua linazama. Mke wangu kaniambia, Bushiri, nenda kamwombe Mtoro amwachie huyo maskini. Kama hamtaki, sisi tutamchukua."

Nikamwambia sina kibarua.

"Huna? Basi unamtukana nani?"

Akapanda vipago viwili vya ngazi, akachungulia ndani, akapiga makofi. "Lo! Katoroka! Na angekuwa na akili angetoroka zamani."

Mpaka hapo nilivumilia, Mungu shahidi yangu. Kisha akasema, "Ila matusi yale nayajua. Ya mzee Kondo, baba yako. Udogoni tulikuwa tunayasikia toka dungu letu. Juzi nikamwambia mke wangu, yule mzee kafufuka, anamwamsha Mtoro kwa mchi."

Alisema mchi.

Nilishuka na mpini. Nilimpiga mdomoni. Hakukinga, nani hukinga mbele ya mtani? Alicheka kwanza. Alidhani ni utani. Nikampiga tena begani, akaangukia maji, akatoka ameshika kinywa, damu inapita kati ya vidole, na jino liko kiganjani. Akalitazama jino kama mtu anayetazama kitu cha mwenziwe. Akaingia mtumbwini bila kusema neno. Miaka yote ninayomjua Bushiri sijapata kumwona amekosa la kusema.

Jumatatu, 28 Aprili

Sikumeza.

Jumanne, 29 Aprili

Sikumeza. Hakuna anayenipigia debe. Ndege wananitulia kutoka pande zote.

Ijumaa, 2 Mei

Mwanahalima kaja. Unga kautuma kwa kamba, kamba kaiachia ghafla, nusu umemwagika majini. Akasema, "Jogoo wako mweupe nimempeleka kwa Bushiri, faini. Nimeomba radhi kwa kinywa changu, cha kwako kina kazi nyingine."

"Alinitaja na mchi."

"Mtani hapigwi, Baba Hemedy! Hata watoto wa chekechea wanajua mtani hapigwi!"

Nikauliza, "Na Hemedy?"

Akashika pondo. "Hajapanda dungu bado, sharti halijaanza. Mimi simwambii. Lakini macho anayo, na pengo la Bushiri linaonekana toka barabarani."

Nimemeza.

Jumatatu, 5 Mei

Nimemeza. Nilitaka kuuhakikisha uongo wa Bushiri. Nikachukua sufuria, nikasema kila nikisikia kinywa changu kinanitukana natia donge moja la udongo. Nilijua mpaka jioni itakuwa na donge moja au hakuna.

Kamba ya teo imekatika: gogo lililooza. Donge. Nimejikwaa kwenye kizingiti: kipofu wewe. Donge. Chai imemwagika: hata mamba atakutema. Donge. Nimesahau kutia donge, nikajiita mjinga kwa kusahau. Madonge mawili. Adhuhuri sufuria imejaa, na madonge ya kutupia ndege yamekwisha.

Nikakaa nikaitazama ile sufuria. Bushiri si mwongo. Na maneno yote ni ya baba, hakuna hata moja nililolitunga mwenyewe, mie fundi wa maneno. Alikuwa akiniamsha kwa mchi wa kutwangia, mgongoni, kabla sijafumbua macho, na akiyasema hayo. Baba kafa miaka thelathini na moja. Zamu yake naishika mie.

Nikasema basi, kuanzia leo sijitukani. Kabla ya alasiri nimejitukana tena, na nikajitukana kwa kujitukana. Kazi hii ni ngumu kuliko kulima.

Jumatatu, 12 Mei

Naandika nimelala. Jumamosi kulipokuwa kunapambazuka kiboko aliingia shambani. Nilimfukuza.

Dakta, hapo juu nimeandika nilimfukuza. Hakufukuzwa. Nilipiga debe, nikaita, madungu yote yakanyamaza. Ni haki yao. Nikamrushia kijinga cha moto, akakikanyaga. Akaja mpaka chini ya dungu langu, akalisukuma kwa bega, mguu mmoja wa dungu ukavunjika, nikaanguka kifudifudi na sufuria zote juu yangu. Nikamsikia anatafuna mpunga wangu chini yangu, taratibu, kama mgeni aliyekaribishwa. Aliposhiba akaondoka.

Nikashuka na panga. Hakuna wa kumpiga. Nikaanza, mzembe, gogo, hukusikia, umezeeka, huna faida, na kila neno naipiga panga ile nguzo iliyovunjika. Mikoko ni migumu. Panga liliteleza likaja kwenye muundi wa mguu wangu, nikaona nyama inafunguka nyeupe kwanza, kisha damu.

Nilipanda ngazi kwa mikono na magoti. Nikapasua shuka. Nikamwaga maji ya birika kwenye kidonda, nikaona nyota mchana. Kisha nikasikia mtu anasema, "Pole. Pole, mzee."

Nikageuka kutazama ni nani. Hapakuwa na mtu, dakta. Kilikuwa kinywa hiki hiki. Sijui kililitoa wapi neno hilo, nyumbani kwetu halikuwapo. Nikaona haya, nikatazama nje kama kuna aliyesikia. Kisha nikalisema tena kwa sauti ndogo, na kidonda nikakifunga vizuri, nikaingiza ncha ya kitambaa ndani kama anavyofunga Mwanahalima. Kila nilipojifunga zamani nilikuwa nafunga kama mzigo wa kuni.

Kutwa nzima ya Jumamosi nililala. Ndege walikula. Niliwasikia. Jana Jumapili Bushiri alikuja, kaona dungu langu halitoi moshi.

"Mtani!" kaita toka chini. "Umekufa?"

"Bado."

"Basi nitarudi kesho."

Nikasikia mtumbwi unaondoka, nikasema haya, imekwisha. Kumbe alikwenda kuchukua chumvi na dawa. Akarudi akapanda. Kinywa chake kimevimba upande mmoja na akisema S inapiga mluzi. Akakiosha kidonda huku akinitukana mie na ukoo wangu tangu mtu wa kwanza aliyetambaa toka matopeni. Alipomaliza nikamwambia, "Bushiri, nilikukosea." Sikumbuki neno hilo nililisema lini mara ya mwisho, lilitoka limekwaruza.

Akasema, "Jogoo wako alikuwa mgumu kama wewe. Kwa meno uliyonibakishia nimemla siku mbili."

Leo asubuhi zamu ya debe imenifikia. Nimeipokea nimelala.

Jumatano, 14 Mei

Nimemeza. Bushiri na watoto wake wameutengeneza mguu wa dungu. Wameufunga ovyo. Nimewaambia asante.

Jumamosi, 17 Mei

Hemedy kaja.

Kapanda ngazi kwa mkono mmoja. Wa kushoto umepinda kwenye kiwiko, hauinuki kupita bega. Nilikuwa nimeambiwa. Kuambiwa si kuona. Akasema, "Shikamoo baba." Nikaitikia. Akatundika mkoba kwenye msumari, akatazama mguu wangu, akauliza kimetokea nini. Nikasema panga. Hakuuliza zaidi.

Jioni Bushiri kapita na mtumbwi. Hemedy akamuuliza, "Mtani, jino limekwenda wapi?"

Bushiri bila kupepesa akasema, "Muwa! Muwa wa mwaka huu, mwanangu, una mifupa."

Nikainamisha kichwa nikala wali wangu. Mtu niliyempasua mdomo ndiye anayenifichia mwanangu asiondoke.  Nimemeza.

Jumanne, 20 Mei

Nimemeza. Mpunga unatia maziwa, ndege kama mchanga. Hemedy anatupa teo kwa mkono wa kulia, anapiga vizuri kuliko nilivyopiga umri wake. Karibu. Debe hawezi kuliinua juu, analiweka kwenye goti. Aliliangusha majini. Neno lilinifika kwenye ulimi, gogo lililo... nikalimeza kama kidonge. Yeye aliinama, akafunika kichwa kwa ule mkono uliopinda. Sikuwa nimesema kitu. Debe tu lilikuwa limeanguka.

Nimeshuka nikalifuata mwenyewe, na kidonda hiki.

Jumapili, 25 Mei

Nimemeza. Tumeua ngedere wawili. Hemedy kaimba kidogo alipokuwa anapika, aliponiona akaacha.

Alhamisi, 29 Mei

Damu iliyodondoka hapa ni yangu, dakta, nisamehe.

Mchana Hemedy alikwenda kwa Bushiri kunoa visu vya kuvunia. Zamu ikawa yangu. Jua lilikuwa kali, mguu unagonga kama moyo, usiku wa jana sikulala. Nikasema nitaegemea nguzo kidogo.

Niliamshwa na debe. Nikamwona Hemedy yumo katikati ya mpunga anakimbia, anapiga kelele, na ndege wanaruka mbele yake, wanaruka tu, hawaishi. Walipokwisha kuruka nikaliona shamba. Kipande chote cha chini mashuke yamesimama wima, mepesi, hayana kitu. Mpunga wenye punje huinama. Ule haukuinama.

Nililala. Mie Mtoro.

Sikumbuki kuuchukua mpini. Nakumbuka ile sauti, mzembe wewe, gogo lililooza, na mpini unashuka kwenye kichwa changu mwenyewe. Tena. Tena. Damu ikaingia jichoni. Na nikuambie kweli, kila pigo nilikuwa naona nafuu kidogo, kama mtu mwenye kiu anayekunywa.

Hemedy akapanda. Nilidhani atanishika. Hakunishika. Alipita pembeni yangu, akauondoa mkoba wake kwenye msumari, akaanza kukunja shati.

Nikauliza, "Unakwenda wapi?"

"Nilisema ukiinua mkono."

"Sijakugusa!"

"Nilisema mtu yeyote. Mama hakukwambia mtu yeyote?"

"Huyu ni mimi!"

"Kwa hiyo?" Alikuwa analia, mtu mzima na ndevu zake. "Wewe si mtu, baba?"

 Niliwahi kuwajibu mahakimu, nikamjibu na mkuu wa wilaya, hilo sikuwa na jibu lake.

Akaweka mguu kwenye ngazi. Akasema, "La Bushiri nalijua. Muwa hauwezi kumpasua mtu na bega. Nikajisemea halikutokea mbele yangu, nilipite. Hili limetokea mbele yangu." Akashuka kipago kimoja. Akashuka cha pili.

Nikasema, "Hemedy, nililala."

"Nimeona."

"Nililala kwa sababu nimechoka. Nina miaka sabini na mbili na mguu una kidonda. Nimechoka."

Dakta, kiboko alinitikisa dungu zima na sikuogopa kama nilivyoogopa kuyasema hayo. Nilidhani nikiyasema nitaanguka. Sikuanguka.

Hemedy alisimama pale, kifua chake usawa wa sakafu yangu. Akasema, "Na mimi mwaka jana?"

Mwaka mzima sijamuuliza. Nikamuuliza. "Mwaka jana ulilala kwa nini, baba?" Nilimwita baba, kama nilivyomwita alipokuwa mdogo.

"Homa. Siku ya tatu. Sikukwambia, maana ungesema najifanya."

Ningesema hivyo. Ningeyasema maneno hayo hayo.

Nikaona mpini ningali nimeushika. Vidole vilikataa, nikavifungua kimoja kimoja kwa mkono wa pili, nikausukuma mpaka ukaanguka majini.

Nikamwambia, "Homa haipigwi. Pole, mwanangu. Nilikuvunja mkono, na hukuwa na kosa."

Hakusema amenisamehe. Mie nisiandike asilolisema. Alisema, "Hicho kichwa atakufunga nani?"

"Nitajifunga."

"Jifunge nikuone."

Nikachota maji kwa kikombe. Nikaanza kusugua kwa nguvu. Akasema toka ngazini, "Taratibu, baba. Hufui gunia." Nikaosha taratibu. Nikafunga taratibu, na yeye amesimama pale pale kwenye kipago cha pili mpaka nimemaliza. Kisha akapanda, akakaa. Mkoba hakuurudisha kwenye msumari. Kauweka mlangoni.

Ijumaa, 30 Mei

Nimemeza. Mkoba uko mlangoni.

Jumatatu, 2 Juni

Nimemeza. Nimekasirika mara mbili. Sauti ikaanza, nikaiambia, haya, nimekusikia, kaa pale kwanza nimalize kazi. Ya kwanza ilikaa. Ya pili haikukaa, imenitukana mpaka adhuhuri. Mkono lakini ulikuwa chini. Mkoba uko mlangoni.

Jumatano, 4 Juni

Nimemeza. Mvua ya upepo imepiga upande wa mlango. Hemedy kauingiza mkoba ndani. Labda ni kwa sababu ya mvua.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Mwanahalima kaleta pilau. Kala chini mtumbwini, Hemedy kamshukia wakala pamoja. Nimewasikia wananisema. Sikuuliza wamesema nini. Nimemeza.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemeza. Siku ya nne tunavuna. Kipande cha chini hakina kitu, tumekipita bila kukitazama. Cha juu kimeinama kama watu walio kwenye rukuu.

Hemedy hawezi kushika shuke kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mie nashika yeye anakata. Tunakwenda polepole kuliko vikongwe. Bushiri kapita akasema bonde zima halijapata kuona watu wawili wakifanya kazi ya nusu mtu. Tulicheka wote watatu, yeye kwa mluzi.

Hemedy kasema baada ya mavuno anarudi Ikwiriri. Msimu ujao atasema msimu ujao. Nikamwambia sawa.

Tumekata mpaka jua likafika kichwani. Nimepumzika mara tatu. Ya kwanza aliniambia Hemedy. Ya pili alinikazania. Ya tatu nilikaa mwenyewe.